Usingizi wa Shangazi Lamom

Haya, nimechoka kuulizwa. Kila anayepita hapa kununua wali anauliza jambo lile lile: hizi tamthilia za wavulana wanaopendana zina utamu gani hata watu wakazifia, na eti nijibu mimi kwa sababu nilimenya vitunguu saumu pembeni ya Lamom miaka minne. Mimi si mwalimu. Naandika polepole, na miwani yangu ina mkono mmoja. Lakini nikiwaachia ninyi mtaisimulia vibaya, kwa hiyo shikeni nilivyoona na nilivyoambiwa na mwenyewe, halafu mniache nipumzike.

Lamom alikuwa mpishi wa watu wa kamera. Alikuwa na miaka sitini na sita, mnene juu, miguu myembamba chini, magoti yote mawili mabovu, na lile la kushoto likitabiri mvua kuliko redio. Aliwalisha watu sitini mara tatu kwa siku katika ghala la kukodi kule Nonthaburi. Ndani ya ghala mafundi walijenga nyumba za uongo: bweni lisilo na dari, mgahawa usio na jiko, ngazi isiyokwenda popote. Alibandika mchele kabla hakujapambazuka. Ikifika saa saba mchana, masufuria yameshasuguliwa, alikuwa hana mwili tena, ana uchovu tu uliovalishwa aproni.

Joto la ghala lile lilitosha kuivisha yai. Feni ya maana ilikuwa moja, ile ya kupoza mashine za mwongozaji. Basi kila siku akimaliza vyombo Lamom alibeba kiti chake chekundu cha plastiki, akakiweka nyuma ya mwongozaji penye upepo, akakodolea kile kioo kidogo wanachotazamia picha, na usingizi ukamchukua. Hakuna aliyemfukuza. Yeye ndiye aliyeipanga meza ya sadaka siku ya kufungua kazi, kichwa cha nguruwe, matunda na mashada ya maua ya manjano, na tangu siku hiyo hakuna taa iliyomwangukia mtu. Halafu ni nani atakayemuudhi mpishi, na jioni anataka kula?

Mwongozaji aliitwa Pui, binti wa miaka thelathini na mbili aliyekula kucha zake kuliko wali. Pui ndiye aliyegundua kwamba Lamom halali ovyo. Vijana wawili wakinyeshewa chini ya mwavuli mmoja, Lamom analala. Mmoja akiteleza akamwangukia mwenzake kifuani, Lamom anakoroma. Lakini siku moja kijana mmoja, katikati ya kula, aliangalia simu yake mara tatu, akailaza kifudifudi mezani, akaendelea kutafuna. Basi, hakufanya lingine. Pui akageuka, akamkuta Lamom macho makavu, kitambaa cha vyombo mkononi, ameinamia kioo. Sehemu ile ilipoonyeshwa, ni kipande hicho watu walichokirudia na kutumiana mpaka wakachoka.

Tangu hapo ikawa desturi ya kazi. Picha ikimalizika, Pui haangalii kioo, anaangalia kiti chekundu.

"Shangazi kalala," anasema. "Turudie."

Waigizaji wananuna, wapaka poda wanarudi na poda zao, wanaanza upya. Fundi taa mmoja alimwita Lamom mzani. Lamom akamjibu kwamba mzani haupiki, na jioni ile yule fundi akapata mchuzi usio na nyama.

Mwenyewe alikuwa na maneno yake, maana alikuwa amezipikia tamthilia kumi na moja za namna ile. Alisema kila mara wavulana ni wanafunzi wa uhandisi, hata mtu ajiulize madaraja ya nchi hii yanajengwa na nani ikiwa wote wanashinda wakitazamana. Kila mara mmoja anaugua homa ili mwenzake apate kumfuta kwa kitambaa cha maji. Kila mara kuna msichana mwenye wivu ambaye hata jina la maana hapewi. Wavulana kupendana hakukuwa na neno kwake, hilo lilikuwa kama mvua, ipo siku zote. Neno lake ni kwamba wanaongea mno.

"Mtu aliyempenda mtu hana nafasi ya kuhutubia," alikuwa akisema huku anakata mchaichai. "Ana kazi za kufanya."

Maneno hayo hakuyaokota njiani. Aliyatoa Talat Phlu, ng'ambo ya mto, nyumbani kwa kaka yake.

Kaka yake, Sawaeng, ni fundi wa sare za shule, sasa ana miaka sabini na moja. Kwa miaka thelathini na mitatu ameishi juu ya duka lake na mwanamume aitwaye Prathip, aliyekuwa mpanga barua wa posta. Mtaa mzima ulijua na mtaa mzima ukanyamaza, ndiyo adabu ya pale. Lamom naye akanyamaza. Alikula kwao kila Jumapili, akamsimanga Prathip kwa chumvi, akafungiwa kilichobaki akaenda nacho nyumbani. Ila miaka yote hiyo hakuwahi kumwita Prathip kwa neno lolote la udugu. Kwake alikuwa "huyo", au "mwenzako".

Huko ndiko alikoziona sindano. Macho ya Sawaeng yalianza kufifia akiwa na miaka hamsini na minne. Ni mtu wa kiburi, kama dada yake, na hakumwambia mtu, kwa sababu fundi asiyeona tundu la sindano ni fundi gani. Lakini asubuhi moja Lamom, aliyekuwa amelala kwao, aliamka mapema akamwona Prathip amesimama dirishani na sare yake ya posta, anaivizia nuru, anatunga uzi sindano moja baada ya nyingine. Kumi za uzi mweupe, kumi za uzi wa buluu. Akazichomeka kwenye kimto, akakirudisha kimto palepale kilipokuwa, akachukua mkoba akaenda kazini. Baadaye Sawaeng akashuka, akachomoa sindano, akaanza kushona vifungo. Hakuuliza uzi umeingiaje. Jioni sindano zilikuwa zimekwisha, na asubuhi ya pili zilikuwa zimejaa. Ikaenda hivyo miaka na miaka, na hakuna kati yao aliyeitaja.

Kisha mama yao akafa. Ni miaka saba kabla ya haya ninayosimulia. Prathip ndiye aliyemwogesha yule bibi na kumgeuza kitandani miaka miwili. Siku ya kuchoma maiti, Lamom, kwa kuwa ndiye binti pekee, alipewa kuandika orodha ya watakaoitwa kwa kipaza sauti wapande ngazi za tanuru na kuweka ua la msandali. Orodha ile ina pande mbili. Huku jina, huku mtu huyo ni nani kwa marehemu. Mwana. Mkwe. Mjukuu. Lamom akaandika jina la Prathip, akafika upande wa pili, kalamu ikasimama. Kuandika rafiki ni uongo, na neno jingine hakuthubutu. Akapaacha wazi.

Msomaji alikuwa mtu wa kukodi, hamjui yeyote. Alipofika kwenye jina lisilo na cheo akadhani limekatwa, akaliruka. Prathip alikuwa amesimama chini ya ngazi pamoja na ndugu, amevaa nguo nyeusi, ua mkononi. Wakaitwa wana, wakaitwa wajukuu, wakaitwa mpaka watoto wa binamu wasiomjua marehemu kwa sura. Akabaki peke yake pale chini. Mwishowe akarudi nyuma taratibu, akapanga foleni na majirani.

Sawaeng hakupiga kelele. Alimwambia dada yake maneno machache tu kwenye geti la hekalu. "Siku utakayojua umwandike nani, ndipo uje kwangu." Na Lamom, badala ya kuomba radhi pale pale na mambo yaishe, akajibu kwamba kalamu iliisha wino.

Miaka saba hakukanyaga Talat Phlu. Kila mwezi wa nne, zikifika siku za Songkran, mwaka mpya wa kwetu, wadogo wanapowamwagia wakubwa wao maji ya maua mikononi na kuomba msamaha, Lamom alitoa bakuli lake la fedha kabatini, akalisugua mpaka likang'aa, akalirudisha kabatini.

Sasa ile tamthilia ya mwaka huo ilikuwa ya wavulana wawili na duka la fundi nguo. Si kwamba mtu aliwajua kina Sawaeng. Vitambaa vinapendeza kwenye picha, ni hivyo tu. Kijana aitwaye Tonnam aliigiza fundi, akavalishwa miwani. Kijana aitwaye Phum aliigiza yule aliyemwacha akaenda zake, na mwishoni anarudi. Walikuwa wakipiga picha huku sehemu za mwanzo zinaonyeshwa, na nje ya geti wasichana walishinda juani na miavuli na picha za vijana hao wawili.

Mwisho wa mwezi wa tatu wakafika kwenye sehemu ya mwisho. Phum amerudi, amesimama mbele ya cherehani, anasema. Akasema kuhusu nyota, akasema kuhusu moyo, akasema kuhusu miaka aliyoipoteza. Tonnam analia chozi moja moja kama bomba bovu. Pui akageuka. Lamom kalala. Wakarudia. Kalala. Mara ya nne alikoroma mpaka mpokea sauti akavua vile vya masikioni.

Pui akawaambia wote wakanywe maji, akaja kuchuchumaa mbele ya kiti chekundu.

"Shangazi."

"Sijalala. Nimefumba macho tu."

"Umekoroma."

"Ni feni hiyo."

Pui hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, na yeye pia alikuwa hajalala kwa siku nyingi. Akaeleza kwamba wakubwa wa kituo wanakuja kesho kuangalia mwisho, na wakiuona umepoa watampa mtu mwingine aupige. Kisha akamshika Lamom goti, lile la kushoto, akamwomba amwambie kinakosekana nini, kwa maana yeye haoni tena, anaona picha tu.

Lamom alijua kinakosekana nini. Alikuwa anakijua miaka kumi na saba. Lakini sindano zile hazikuwa zake. Zilikuwa siri ya nyumba iliyomfungia mlango, na akizitoa, Sawaeng ataziona kwenye televisheni pamoja na mtaa mzima, na mlango uliokuwa umefungwa kwa ufunguo utapigiliwa misumari. Asipozitoa, kitu pekee cha aina hiyo alichowahi kukiona kwa macho yake kitakwenda kaburini na wazee wawili, hakuna atakayekisoma, kitarukwa kama lilivyorukwa lile jina. Miguu ilimwaka moto. Aliniambia kwamba wakati ule alitamani kitu kimoja tu, aachwe alale kwelikweli, asiulizwe tena na mtu yeyote.

"Yatoe hayo maneno," akasema mwishowe.

"Yapi?"

"Yote. Huyo mwenye miwani mmesema ana macho mabovu tangu mwanzo, kumbe mlimvalisha apendeze tu. Basi yatumieni hayo macho mabovu. Huyu aliyerudi asiseme kitu. Aamke kabla ya mwenzake, asimame dirishani, amtungie sindano. Nyingi. Azipange kwenye kimto, aondoke hapo. Mwenzake ashuke, achomoe moja, aone uzi umo. Halafu ashone."

"Halafu?"

"Halafu nini? Watoto wanataka vifungo."

Pui akauliza, kwa sauti ya chini, kama hakuna hata busu. Lamom akasema wakitaka wabusiane kesho.

Wakapiga. Phum yule, ambaye wasichana wa geti wanaweza kuzimia akipiga chafya, hakujua kutunga uzi. Akakosa mara ya kwanza, akakosa mara ya pili, akaulowesha uzi mdomoni, akafinya jicho, akakosa tena. Pui hakumkatiza. Mara ya saba uzi ukapita, na yule kijana akatoa pumzi ambayo hakuna aliyemwandikia, akachukua sindano ya pili. Tonnam aliposhuka ngazi isiyokwenda popote, akachomoa sindano, akasimama, akaishika karibu na miwani. Akaketi akashona.

Pui akageuka kutazama kiti chekundu. Kilikuwa kitupu.

Alimkuta Lamom kwenye masinki nyuma ya ghala, nilipokuwa na mimi, anasugua sufuria.

"Imekuwa mbaya, Shangazi?"

"Nani kasema mbaya? Sufuria ni chafu."

Sufuria ilikuwa safi. Niliiosha mimi mwenyewe.

Pui akasema atamwandika Lamom kwenye majina yale yanayopita mwisho wa tamthilia, kwenye waliosaidia. Lamom akakataa, akasema yeye amesaidia kupika. Kama ni kuandika, aandikwe Prathip. Akataja na jina la ukoo.

"Huyo ni nani?" Pui akauliza, ametoa simu anaandika. "Orodha yetu inataka kila mtu na kazi yake, au angalau ni nani. Nikiacha wazi wataliondoa."

Lamom mikono ilikuwa ndani ya maji. Nilimwona akiitazama kama ya mtu mwingine.

"Andika shemeji," akasema.

"Shemeji wa nani?"

"Wangu. Shemeji wa Lamom. Na uliandike vizuri, lisirukwe."

Wakubwa wa kituo wakaikubali, ikaonyeshwa wiki ya kwanza ya mwezi wa nne. Siku iliyofuata wasichana walilijaza geti zima sindano na rili za uzi, mweupe na wa buluu, mpaka mlinzi akakosa pa kuweka. Lamom hakuangalia. Usiku ule, mwanamke anayeweza kulala amesimama, alikaa kitandani macho wazi.

Siku ya Songkran alitoa bakuli kabatini, na safari hii hakulirudisha. Akaenda na chupa ya maji ya asmini. Njiani vijana walimmwagia ndoo mbili na kumpaka poda usoni, kama wanavyomfanyia kila mtu, kwa hiyo alifika Talat Phlu amelowa na mweupe kama mtu aliyetolewa kwenye unga. Prathip ndiye aliyefungua. Alikuwa amezeeka, mabega yamekuwa madogo. Alimpa taulo.

Sawaeng alikuwa mbele ya cherehani, hashoni. Kimto cha sindano kilikuwa mezani, kitupu.

"Umewatangazia watu wote kwamba mimi kipofu," akasema, hageuki.

"Haikuwa siri, kaka. Hata kiziwi wa mtaa huu anajua."

"Nilijua mimi, akajua huyu. Ilitosha. Sasa tangu kile kitu kionyeshwe huyu ana haya, hatungi tena. Siku tisa sijaweka kifungo kimoja, na shule zinafunguliwa mwezi ujao."

"Ulimwomba?"

Sawaeng akakigeuza kimto upande wa pili. Lamom akasema sawa. Akaweka bakuli sakafuni, akashika ukingo wa meza, akaanza kupiga magoti, kazi iliyochukua muda na kutoa sauti. Sawaeng akanyoosha mikono. Lamom akammwagia maji ya asmini, akamwomba radhi kwa maneno yale ya kila mwaka, ila akayasema ya miaka saba. Sawaeng akasikiliza. Uso haukulainika sana.

Prathip alikuwa amesimama ukutani, mahali pa mgeni, mikono nyuma.

Lamom aliniambia kwamba kulitamka mdomoni kulikuwa kugumu kuliko kule kwenye masinki.

"Shemeji," akasema. "Lete mikono."

Prathip akamtazama Sawaeng. Sawaeng alikuwa anakausha vidole vyake kimoja kimoja kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Huyo anakuita," Sawaeng akamwambia. "Nenda."

Akaja. Akaketi mbele yake, akanyoosha mikono iliyopanga barua miaka arobaini, na Lamom akamwagia mpaka chupa ikaisha, maji yakatiririka sakafuni. Prathip akambariki kama mkubwa anavyombariki mdogo, sauti yake ikikatika katikati. Kisha Sawaeng akakisukuma kile kimto juu ya meza, mpaka ukingoni.

"Na wewe," akasema, "nitungie basi. Nyeupe kwanza."

Ilikuwa mara ya kwanza kuomba. Prathip akasimama dirishani, mikono bado inanukia asmini.

Kumnyanyua Lamom sakafuni iliwabidi wote wawili. Wakala samaki na pilipili ya uduvi, Lamom akasema chumvi imezidi. Akawasimulia habari za kiti chekundu na feni na jinsi anavyotumiwa kupimia picha. Sawaeng naye akaanza kumwelezea habari ndefu ya bomba la maji la jirani, na alipofika katikati Lamom alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi.

"Kalala," akasema Prathip.

"Basi sisi hatufai kuonyeshwa," akasema Sawaeng, akamwekea feni.

Ndivyo ilivyokuwa, na hapo mna jibu lenu, msinirudishe tena kwenye busu na miavuli. Sasa wewe uliyeuliza una kazi. Kwenu pia ipo orodha, ya msiba au ya harusi, yenye jina moja ambalo upande wa pili mliliacha wazi. Itafute. Pajaze. Kisha uje hapa mlangoni unitajie kwa mdomo wako ni neno gani umeandika. Mpaka siku hiyo, wali wangu usije kununua.